Foo wili haivuti: jinsi ya kutafuta mahali nguvu inapokatikia kati ya transfa na magurudumu ya mbele

Taa ya foo wili ikiwaka kwenye dashibodi, madereva wengi huamini kwamba magurudumu ya mbele yamekwisha kuingia kazini, na gari likishindwa kutoka kwenye tope lawama huangukia tairi, mzigo au dereva mwenyewe. Taa hiyo haina ushahidi mkubwa kiasi hicho. Katika pikapu kama Toyota Land Cruiser 79 yenye habu za kufunga kwa mkono, swichi inayoiwasha iko kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu ya injini kwenda mbele na nyuma), kwa hiyo inachoweza kueleza ni kwamba leva imesogeza kitu humo ndani, basi. Kuhusu propela, difu, shafti na habu, taa haijui lolote. Anayetaka kujua ubovu uko wapi inambidi aifuate nguvu hatua kwa hatua kutoka transfa hadi kwenye gurudumu, mpaka aone inapokatikia, na afanye hivyo kabla ya kununua spea yoyote.

Maelezo haya yanahusu pikapu ambazo kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee na kuingizwa foo wili panapohitajika: Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele kama LN106, na Hilux za baadaye zinazojulikana kwa majina ya Vigo (kuanzia 2004) na Revo (kuanzia 2015). Prado na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu manne muda wote yana difu ya katikati, na majaribio yaliyomo humu yanaweza kutoa majibu ya kupotosha yakifanywa kwenye magari hayo.

Nguvu ikitoka kwenye gia boksi huingia kwenye transfa, ambayo huipeleka nyuma daima, na mbele pale tu leva au swichi inapowekwa H4 (foo wili ya mwendo wa kawaida) au L4 (foo wili ya mwendo wa taratibu na nguvu nyingi). Kutoka transfa huenda kwenye propela ya mbele (mhimili mrefu ulio chini ya gari), kisha difu ya mbele inayoigawa kushoto na kulia, kisha shafti mbili za kushoto na kulia, na mwisho kwenye magurudumu. Mahali fulani katika njia hiyo pamewekwa kiungo kinachoweza kuachia, ili gari linapokwenda lami propela na difu ya mbele visizungushwe bure. Kwenye Land Cruiser 79 na LN106 kiungo hicho ni habu iliyo katikati ya kila gurudumu la mbele. Kwenye Hilux nyingi za miaka ya karibuni kimehamishiwa ndani ya difu yenyewe, upande mmoja, nacho husukumwa na vakyumu (mvuto wa hewa) au mota ndogo ya umeme. Ni vyema kujua mapema gari lako ni la aina gani, kwa sababu kumwambia fundi akague habu kwenye gari lisilo na habu ni kumpa kazi ya kuvua na kuvika.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka vizuri humwokoa mtu fedha nyingi. Difu ya mbele isiyofungwa loki, yaani kifaa cha kulazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja, hupeleka nguvu upande usio na upinzani. Habu ya kushoto ikishindwa kufunga, shafti ya kushoto itazunguka bure ndani yake, na gurudumu la kulia, ambalo habu yake ni nzima kabisa, halitapata chochote. Kwa hiyo anayekuambia kwamba habu moja imekufa lakini bado unayo nusu ya foo wili amekosea. Kwa upande wa mbele huna hata robo.

Kabla ya kushika spana

Hakikisha kwanza kwamba tatizo lipo. Magari mengi huingizwa foo wili yakiwa yamesimama, dereva akaona taa inapepesa, akahitimisha kwamba mfumo umekufa. Meno yanayopaswa kuingiliana ndani ya difu au habu hayapangani kila mara gari likiwa limetulia, na taa inayopepesa kwenye Hilux zenye kiungo ndani ya difu humaanisha kwamba mfumo bado unajaribu. Sogeza gari mbele taratibu kwa mstari ulionyooka, kisha nyuma kidogo, uone kama taa itatulia. Habu zinazojifunga zenyewe, zile zilizoandikwa AUTO, nazo huhitaji gurudumu lizunguke ndipo zishike, na ili ziachie hutakiwa kurudisha leva H2 (kuvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee), kusimama, kisha kurudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyooka.

Leva iliyong'ang'ania kwenye H4 na kukataa kurudi H2 mara nyingi haina ubovu wowote. Magari haya hayana difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga au tope tofauti hiyo humalizwa na tairi linaloteleza kidogo, lakini kwenye lami kavu tairi halitelezi, hivyo msokoto hujikusanya katika propela na transfa mpaka leva inabanwa kama imechomelewa. Kurudi nyuma mita chache kwa kunyoosha usukani kwa kawaida huuachia. Hali hiyo hutokea pia kwa haraka zaidi kwenye gari lenye tairi za ukubwa tofauti mbele na nyuma, au tairi mpya nyuma na zilizokwisha mbele, na hapo hakuna spea ya transfa itakayosaidia. Majaribio yote yanayohitaji gari kutembea likiwa foo wili yafanyiwe kwenye changarawe, mchanga au nyasi.

Jaribio la chaki

Kwa magari yenye habu za mkono, jaribio la kwanza halihitaji jeki wala spana. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka kabari nyuma ya tairi, weka habu zote mbili FREE (zimeachia), kisha chora mstari wa chaki upande wa chini wa propela ya mbele. Ondoa kabari, weka leva H2, sogeza gari mita moja hivi, zima tena na uangalie. Mstari unapaswa kubaki mahali pale, au kusogea kidogo tu kwa kuburutwa na oili nzito. Rudia ukiwa H4. Sasa propela inapaswa kuwa imezunguka, na kwa kuwa katika pikapu hizi propela huzunguka karibu mara 4 kila tairi linapozunguka mara moja, mstari utakuwa umehama. Fanya mara mbili, kwa umbali usiolingana, kwani kuna uwezekano mstari ukazunguka na kurudi palepale ulipokuwa.

Propela ikizunguka kwenye H4 habu zikiwa FREE, transfa inafanya kazi yake na ubovu uko mbele zaidi. Isipozunguka, tatizo liko kwenye leva, transfa au meno ya propela yenyewe. Jaribio hili likifanywa habu zikiwa LOCK (zimefunga) halina maana, kwa sababu magurudumu ya mbele yataizungusha propela yenyewe gari linapotembea, hata transfa ikiwa imekufa. Kwa sababu hiyohiyo halifai kwa Hilux zenye kiungo ndani ya difu.

Gurudumu moja juu

Jaribio hili la pili ndilo linalotoa majibu mengi kuliko yote, na linafaa kwa aina zote mbili za magari. Liweke gari mahali tambarare na pagumu. Liingize H4, funga habu kama lina habu, na kama ni la umeme au vakyumu litembeze mita chache mpaka taa itulie. Zima injini ukiacha foo wili imeingia, weka gia ya kwanza, au P kwa gia za otomatiki, vuta breki ya mkono na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uweke stendi chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini. Usiwashe injini na kutia gia wakati gurudumu liko juu ili uone kama linazunguka, ingawa jambo hilo hufanyika kila siku gerejini. Magurudumu ya nyuma yamekanyaga chini na yanavuta, na gari litaruka kutoka kwenye stendi.

Sasa shika tairi kwa mikono miwili ulizungushe. Katika gari zima litacheza kidogo kisha litagota, kwa sababu njia nzima imeunganishwa hadi kwenye magurudumu ya nyuma yaliyokanyaga ardhi. Likigota hivyo pande zote mbili, kila upande ukijaribiwa kwa wakati wake, magurudumu ya mbele yanapata nguvu, na sababu ya kukwama itafutwe kwenye tairi au kwenye difu isiyo na loki.

Likizunguka kwa uhuru, mwombe mwenzako aendelee kulizungusha wakati wewe unatazama chini ukiwa na tochi. Gurudumu likizunguka na shafti yake imesimama, habu ya upande huo haijafunga. Gurudumu na shafti vikizunguka pamoja na propela, njia ya mbele yote ni nzima lakini transfa haijaishika propela. Gurudumu na shafti vikizunguka huku propela imetulia, tazama shafti ya upande wa pili, ambao tairi lake liko chini: ikiwa inazunguka kinyume, habu ya upande huo ndiyo iliyoachia, japokuwa ulikuwa umelinyanyua gurudumu lisilo na kosa. Ikiwa shafti hiyo nayo imesimama, ubovu umo ndani ya difu, na katika Hilux zenye kiungo humo mara nyingi kiungo hicho hakijaingia. Katika magari mengine fikiria shafti iliyokatika au meno yaliyovunjika.

Kwenye Land Cruiser 79 na LN106 shafti zimefichwa ndani ya ekseli, hivyo huwezi kuziona. Nyanyua magurudumu yote mawili ya mbele juu ya stendi, habu zikiwa LOCK na leva H4, kisha zungusha gurudumu la kushoto kuelekea mbele. La kulia linapaswa kuzunguka kuelekea nyuma. Likikaa kimya, upande mmoja haujashika. Ili kujua ni upi, weka habu zote FREE, kisha funga moja moja na kuzungusha gurudumu lake: iliyoshika utaisikia mkononi kwa uzito na kwa mlio wa meno ya difu yakizunguka, na isiyoshika itakuwa nyepesi vilevile kama ilivyokuwa FREE. Upande ambao hushika kisha huruka kwa mshindo kila unapozungushwa una uwezekano mkubwa wa kuwa na jointi iliyovunjika ndani ya bakuli la chuma lililo nyuma ya gurudumu, na hapo habu isilaumiwe.

Habu

Habu nyingi zinazotupwa hazijafa. Zimejaa grisi. Fundi anapofungua beringi za magurudumu ya mbele hupakia grisi kwa ukarimu, na inayozidi huingia kwenye habu, hukaa humo miaka, huchanganyika na vumbi na kuwa ngumu. Ndani ya habu kuna kipande chenye meno kinachosukumwa na springi kiteleze na kushika shafti. Springi hiyo ni dhaifu kwa makusudi, nayo haiwezi kushindana na grisi ya namna hiyo, hasa asubuhi ya baridi huko Makete au Limuru. Kitufe utakizungusha hadi LOCK bila shida yoyote, lakini ndani kipande kitabaki kilipokuwa.

Kifuniko cha habu hushikiliwa na bolti sita ndogo, ambazo kwenye habu nyingi za Toyota ni za spana namba 10. Kitoe taratibu bila kukibandua kwa bisibisi, kwani ukingo wake ukichubuka maji yataingia. Osha sehemu zinazoteleza kwa mafuta ya taa au dizeli, zikaushe, kisha kagua meno: ncha zilizoviringika au kumeguka zina maana kwamba habu huruka ikibebeshwa mzigo, na hiyo haioshwi ikapona, hubadilishwa. Kama meno yana kona kali na springi haijakatika, paka utando mwembamba wa grisi mpya na kuacha hapo. Weka gasketi mpya, rudisha kifuniko kitufe kikiwa FREE, na kaza bolti kwa kupishanisha pande. Kabla ya kurudisha kifuniko kagua pia nati kubwa sita zinazoshika mwili wa habu, kwani zikilegea mzigo wote huhamia kwenye stadi, nazo hukatika.

Dereva anayeacha habu LOCK msimu mzima wa masika hafanyi kosa kubwa maadamu leva iko H2. Atachoma mafuta kidogo zaidi na kuzungusha difu ya mbele bila sababu, lakini akifika kwenye udongo mweusi wa mbugani hatalazimika kushuka matopeni. Kosa kubwa zaidi ni kuacha mfumo mzima bila kuguswa kuanzia masika moja hadi nyingine. Vitabu vya Toyota huelekeza gari liendeshwe foo wili angalau kilomita 16 kila mwezi ili vyombo vya mbele vipate oili, na ni mwendo ambao njia yoyote ya changarawe inautosheleza.

Kiungo kilichomo ndani ya difu

Kwanza tambua kinasukumwa na nini. Kikopo kilicho kwenye difu ya mbele kikiwa na mipira miwili myembamba, ni cha vakyumu. Kikiwa na waya na soketi pekee, kina mota.

Cha vakyumu hukaguliwa kwa kidole. Injini ikiwa inanguruma na gari limesimama na kuwekewa kabari, chomoa mpira mmoja na uzibe kwa kidole usikie kama unavuta. Mpira mmoja unapaswa kuvuta ukiwa H2 na mwingine ukiwa H4. Hakuna unaovuta popote? Fuata mipira nyuma hadi kwenye vali za umeme zinazogawa vakyumu. Mpira uliopasuka au uliochomoka kwa kupigwa na mawe ndio ubovu wa bei ndogo kuliko wote, na huwa hautafutwi kwanza. Kwenye baadhi ya injini za dizeli za Toyota, ikiwamo 5L, pampu ya vakyumu iko nyuma ya alteneta na ndiyo hiyohiyo inayosaidia breki. Kwa hiyo foo wili ikigoma katika majuma yaleyale ambayo pedali ya breki imekuwa nzito, anza na pampu, na usiliendeshe gari hilo mteremkoni mpaka limetengenezwa. Mipira yote miwili ikivuta ipasavyo, tatizo ni kiwambo kilichotoboka ndani ya kikopo, au uma unaosukuma meno umeshikwa na kutu.

Chenye mota hukaguliwa kwa sikio na multimita. Mwenzako akibadilisha swichi, wewe ukiwa karibu na difu unapaswa kusikia mlio mfupi wa mota. Kukiwa kimya, kagua fyuzi, kisha chomoa soketi uangalie ndani. Pini zenye ukungu wa kijani zimeingiwa na maji, na mara nyingi kuzisafisha kunatosha. Pima volti kwenye soketi wakati swichi inabadilishwa, kwani baadhi ya mifumo hupeleka umeme kwa sekunde chache tu kisha huukata. Umeme ukifika vizuri, na waya wa ardhi ni mzima, lakini mota haisogei, mota imekufa au imeganda. Umeme usipofika, rudi kwenye relei na swichi. Kwa Revo, ambayo swichi yake ni ya kuzungusha na hata transfa husogezwa na mota, mashine ya kusoma makosa ya kompyuta itaokoa muda mwingi. Usikubali mota ipewe umeme wa betri moja kwa moja ili kuona kama inazunguka, kwani ndani yake mna viungo vya kuisimamisha kwenye mwisho wa safari, na kuviruka kunaweza kuvunja gia zake ndogo.

Transfa na oili

Transfa ni ghali kufungua na huharibika kwa nadra kuliko mnavyoambiwa gerejini. Leva inayocheza ovyo au isiyofika mwisho wa njia yake kwa kawaida ina bushi zilizokwisha, na bushi ni kazi ya nje. Inayotoka yenyewe L4 gari likipanda mlima na mzigo ina uma au meno yaliyolika ndani. Mshindo wa kurudiarudia unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta, katika transfa zinazotumia cheni, ni cheni iliyorefuka inayoruka meno. Na kama taa haiwaki lakini jaribio la gurudumu moja juu linaonyesha kwamba njia nzima imeshika, kilichokufa ni swichi ya taa tu, ambayo hubadilishwa bila kufungua chochote.

Kabla ya kukubali kazi yoyote ya ndani, fungulia nati ya chini ya difu ya mbele na ya transfa uone kinachotoka. Vumbi laini la chuma kwenye nati ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na mara nyingi chanzo ni tundu la kupumulia lililozibwa kwa udongo: difu iliyopata moto barabarani ikiingizwa mtoni hupoa ghafla, hewa iliyomo husinyaa, na kwa kuwa haiwezi kuvuta hewa nyingine kupitia tundu, huvuta maji kupitia oili sili. Ukibadilisha oili bila kuzibua tundu hilo, maji yatarudi kwenye mto unaofuata.

Matengenezo yakiisha, rudia jaribio la gurudumu moja juu kwa pande zote mbili kabla ya kulipa. Kisha liendeshe gari kwenye changarawe ukiwa H4, lisimamishe, weka gia huru, ingiza L4 na utembee taratibu mbele na nyuma, halafu rudisha H2 na urudi nyuma mita chache. Kwa gari la habu, ziweke FREE na ufanye jaribio la chaki kwa mara ya mwisho: propela ikiendelea kuzunguka kama ilivyokuwa ikizunguka kwenye H4, transfa haijaachia, na gari hilo halipaswi kuingia barabara ya lami mpaka leva na bushi zake zimerekebishwa.